Gesi ya bokali: usitengeneze baruti nyuma ya nyumba yako



Mara nyingi ukurasa wetu wa usalama na afya unasema juu ya mambo ya kazini: kaski, viatu, vumbi, kelele za masini. Leo tutaacha shimo na kiwanda. Tutaingia nyuma ya nyumba, katika lile banda dogo ambamo baba anatengeneza vitu vyake siku ya mapumziko.

Siku ya Mungu moja, kisha saa sita, walituletea katika dispanseri baba mmoja, fundi wa umeme mwenye miaka mingi ya kazi. Alishika kitambaa chenye maji kwenye jicho la kuume. Vipande vya kioo vilikuwa katika shavu na katika mkono. Kila nilipomwuliza neno aligeuza kichwa na kunielekezea sikio la kushoto, sababu lile la kuume halikusikia tena.

Mke wake ndiye aliyeeleza habari. Mumewe aliona katika simu namna watu wanavyotengeneza masini ya kutoa gesi ya hidrojeni katika maji, kusudi motokari ipunguze kula esansi. Akatwaa bokali ya kioo, bamba mbili za inoksi, soda kostiki iliyobaki wakati mama alipopika sabuni, na batri ya motokari. Juu ya kifuniko akatia mpira mwembamba wa kutolea gesi. Masini ilitembea vizuri na povu likajaa. Kisha akataka kuipima. Akawasha kiberiti kwenye mdomo wa mpira.

“Munganga, mimi sikuwasha bokali,” aliniambia. “Niliwasha mdomo wa mpira tu, nione kama gesi inatoka.”

Wandugu, shikeni vizuri neno hilo, sababu kosa lote limo ndani yake. Baba huyu kazini hagusi kamba ya umeme bila kutia kadenasi kwanza. Hakuwa mjinga, wala hakuwa amekunywa pombe. Alikosa kujua jambo moja tu, na jambo hilo ndilo nataka kuwaeleza.

MAJI YANAGAWANYIKA NAMNA GANI

Maji ni gesi mbili zilizoshikana: hidrojeni na oksijeni. Umeme unaweza kuzitenganisha. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Nicholson na Anthony Carlisle walitia ncha mbili za waya katika maji, wakaona gesi inapanda kutoka kila ncha. Hidrojeni inatoka upande wa negatifu, oksijeni upande wa pozitifu. Kwa kila sehemu 2 za hidrojeni inatoka sehemu 1 ya oksijeni.

Kazi hii si ngeni kwetu katika Katanga. Katika viwanda vya kutengeneza shaba kwa umeme, kama Shituru kule Likasi, kilichoanza mwaka 1929, na Luilu kule Kolwezi, kilichoanza mwaka 1960, umeme unapitishwa katika maji yenye asidi. Shaba inashika kwenye katodi, na kwenye anodi ya risasi inatoka oksijeni. Kobalti ikitengenezwa kwa njia hiyo, hidrojeni nayo inatoka kidogo pamoja na kobalti. Lakini angalia jumba lenyewe: ni kubwa, ni refu kwenda juu, na hewa inapita. Gesi inakwenda zake. Bokali yenye kifuniko haiachi gesi kwenda. Inaikusanya.

Maji safi hayapitishi umeme vizuri. Ndiyo sababu watu wanatia soda kostiki, au chumvi, au bikarbonati. Vitu hivi vinafungua njia kwa umeme, lakini kila kimoja kina hatari yake, kama tutakavyoona.

JUU YA NINI INAPASUKA

Kila moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, oksijeni, na cheche. Esansi ikiwa ndani ya pipa lililojaa haiungui humo ndani, sababu inakosa oksijeni. Moto unashika pale tu mvuke wake unapokutana na hewa.

Gesi ya bokali ni tofauti, na hapa ndipo fundi wetu alipokosa. Bamba zake mbili zilikuwa ndani ya bokali moja, chini ya kifuniko kimoja. Hidrojeni na oksijeni zilipanda pamoja na kuchanganyika, tena kwa kipimo kile kile kinachofaa kuungua bila kubakiza kitu: 2 kwa 1. Kwa hiyo gesi ile ilikuwa imekwisha kubeba oksijeni yake yenyewe, sawa na baruti. Haikungoja hewa ya nje. Ilingoja cheche tu.

Fundi alifikiri moto utakaa kwenye mdomo wa mpira, sawa na moto unavyokaa juu ya jiko la gesi. Lakini katika jiko gesi inatoka peke yake, na hewa inaikuta nje. Katika mpira wa bokali, mchanganyiko ulijaa toka mdomo mpaka ndani. Moto uliingia na kurudi nyuma. Mchanganyiko huu ukipasuka kwa nguvu yake yote, moto unakimbia karibu mita 2800 kwa sekunde moja. Sauti yenyewe katika hewa inakwenda mita 340 tu. Hakuna mtu anayeweza kutoa mkono wake wakati huo.

Tena hidrojeni ina tabia nyingine nne zinazodanganya watu:

1. Haina rangi wala harufu. Pua haiwezi kukuonya.

2. Inashika moto kirahisi sana katika hewa. Mvuke wa esansi unaungua ukiwa kati ya sehemu 1 na 8 hivi katika sehemu 100 za hewa. Hidrojeni inaungua toka sehemu 4 mpaka sehemu 75.

3. Cheche ndogo sana inatosha. Cheche ya nguo ya nailoni, ya swichi ya taa, au ya waya unaougusisha kwenye batri, inaweza kuiwasha.

4. Ni nyepesi mara 14 kuliko hewa. Inapanda na kujificha chini ya kifuniko, chini ya mabati, katika pembe ya dari.

Wengine watasema: “Mimi nitatia chupa ya maji katikati, gesi ipite ndani ya maji, moto usirudi.” Ni kweli kwamba maji yanaweza kuzuia moto. Lakini maji yakipungua, au chupa ikiinama motokari inaporuka katika mashimo ya barabara, njia ya moto inafunguka tena. Tena kile kilichobaki juu ya maji hayo ni mchanganyiko ule ule, ndani ya chupa nyingine.

JE, INAPUNGUZA ESANSI?

Najua swali hili limo ndani ya kichwa cha kila baba anayenunua esansi. Tufanye hesabu pamoja.

Umeme wa ampere 1 ukipita kati ya bamba mbili kwa saa 1, unatoa karibu lita 0.42 ya hidrojeni. Tuseme fundi hodari ametengeneza masini yenye vyumba 6 vinavyofuatana, na ampere 20 zinapita. Kwa saa 1 atapata 0.42 mara 20 mara 6, ndiyo lita 50 hivi za hidrojeni. Hesabu inaonekana kubwa. Lakini ni gesi, si maji. Nguvu iliyo katika lita 1 ya esansi ni sawa na nguvu ya hidrojeni lita 3000 karibu. Basi lita 50 zile za saa nzima zina nguvu ya kijiko kimoja kikubwa cha esansi.

Na umeme umetoka wapi? Alternateri ndiyo inayoutoa, na alternateri inazungushwa na motere, na motere inakula esansi. Motere inageuza karibu robo tu ya nguvu ya esansi kuwa kazi. Inayobaki inakwenda katika joto na moshi. Alternateri nayo inapoteza nyingine. Ukihesabu yote, kusudi upate kijiko kimoja cha hidrojeni umetumia vijiko kama 10 vya esansi. Mtu anayetoa vijiko 10 ili apokee kimoja hafanyi biashara.

Kama rafiki yako anasema motokari yake inakula kidogo tangu alipotia masini hiyo, mwulize mambo mengine. Labda siku ile alisafisha filtri ya hewa na kujaza magurudumu. Labda sasa anaendesha polepole kusudi aone faida. Mambo hayo yanapunguza esansi kweli, na hayapasui mtu uso.

SUMU NDANI YA BOKALI

Hata kama haipasuki, bokali ina vitu vibaya kwa mwili.

Soda kostiki inakula nyama ya mwili. Katika jicho ni mbaya kuliko asidi nyingi, sababu haikai juu tu. Inaendelea kuingia ndani. Ukiitia katika maji, maji yanapata moto yenyewe na yanaweza kuruka. Wamama mnaopika sabuni, shikeni hili: tieni soda kidogo kidogo katika maji baridi, msimwage maji juu ya soda hata siku moja. Na soda iliyochanganywa isitiwe katika chupa ya limonadi au ya maji ya kunywa. Mtoto anaona chupa, haoni soda.

Chumvi ya kupikia ukiitia katika bokali inatoa klorini, gesi yenye harufu ya maji ya javeli. Ndiyo gesi waliyotumia juu ya askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Katika banda lililofungwa inaunguza koo na mapafu.

Bamba za inoksi zina kromi ndani yake. Umeme ukipita kwa siku nyingi, kromi inaweza kuingia katika maji na kuyageuza rangi ya manjano. Kromi ya namna hiyo ni sumu na inaleta kansa. Maji hayo yakimwagwa karibu na kisima au bustani, ni jamaa yako na jirani zako watakaoyanywa au kuyala.

WEWE USIYE NA BOKALI, UNA BATRI

Labda unasema: “Munganga, hayo hayanihusu, mimi sitengenezi masini.” Ngoja kidogo. Siku hizi nyumba nyingi zina batri ya taa na televizioni, sababu umeme unakatika. Batri ya risasi na asidi ikikaribia kujaa, umeme unaozidi unagawanya maji yaliyo ndani yake. Kwa hiyo kila batri unayoijaza ni bokali ya hidrojeni, hata kama hukutaka.

Batri ya volti 12 ina vyumba 6. Imekwisha kujaa nawe unaendelea kutia ampere 10: inatoa lita 25 hivi za hidrojeni kwa saa 1. Ukiiweka ndani ya sanduku la lita 100 lenye kifuniko, hewa ya sanduku inafika kipimo cha kushika moto kwa dakika 10 karibu. Ndiyo sababu kazini, katika chumba cha kujazia batri, hewa inapitishwa na sigara inakatazwa. Sheria hiyo ni kwa ajili ya gesi, si kwa ajili ya sefu. Gesi haijui kama iko kazini au nyumbani.

Basi fanya hivi nyumbani:

1. Jaza batri mahali hewa inapopita, si katika chumba cha kulala, wala chini ya kitanda cha watoto.

2. Usiweke karibu mbabula, mshumaa, sigara wala taa ya mafuta. Usimulike maji ya batri kwa kiberiti, hata kwa sekunde moja, tumia tochi.

3. Angalia vitundu vya vifuniko visizibwe na uchafu, kusudi gesi itoke.

4. Kata umeme wa chaja kwanza, kisha ndipo utoe vibanio kwenye batri. Ukivitoa wakati umeme unapita, cheche inazaliwa pale pale gesi inapotoka.

5. Ukiazima nguvu ya batri ya motokari nyingine, kibanio cha mwisho ukishikize kwenye chuma cha motere, mbali na batri.

6. Vaa miwani ya kazi. Weka ndoo ya maji safi karibu kabla ya kuanza.

IKIWA AJALI IMEKWISHA KUTOKEA

Soda au asidi katika jicho: maji, mara moja, mengi. Fungua kope kwa vidole, mimina maji safi toka upande wa pua kwenda nje, dakika 30 bila kuacha. Usingoje motokari wala munganga. Dakika za kwanza ndizo zinaokoa jicho. Usitie maziwa, siki, ndimu, wala dawa ya kienyeji. Kisha njoo dispanseri, na ukiweza endelea kumimina maji njiani.

Soda kwenye ngozi: vua nguo zilizolowa, osha kwa maji mengi muda ule ule. Usipake mafuta.

Mtoto amekunywa soda au asidi: usimtapishe. Kinachopanda kinaunguza koo mara ya pili. Usimnyweshe mafuta ya mawese wala siki. Suuza kinywa chake kwa maji na umlete lopitali upesi, pamoja na chupa aliyonywa.

Kioo katika jicho: usikitoe na usisugue. Funika jicho bila kulikandamiza. Lakini kama soda imeingia pamoja na kioo, maji ndiyo ya kwanza.

Sikio linalolia au linalotoa damu kisha mlipuko: usitie kitu ndani. Njoo tuangalie.

KWA VIJANA WENYE KUPENDA KUJUA

Sitaki mtu aseme kwamba munganga amekataza elimu. Kijana anayetaka kuona maji yakigawanyika anaweza kuona bila kuumia. Twaa kikombe kisicho na kifuniko, maji, na kijiko kidogo cha bikarbonati. Chonga kalamu mbili za risasi pande zote mbili. Funga waya toka kila kalamu mpaka kwenye pile ndogo ya volti 9, na ncha za chini ziingie ndani ya maji bila kugusana. Fanya hivyo nje, na mtu mkubwa akiwapo. Utaona upande wa negatifu vitone vya gesi ni vingi kuliko upande wa pozitifu. Hiyo ndiyo ile hesabu ya 2 kwa 1, unaiona kwa macho yako.

Ishia hapo. Usifunike kikombe, usikusanye gesi, usilete moto. Ukitaka kusikia namna hidrojeni inavyolia, mwombe mwalimu wa kemia aonyeshe kwa gesi kidogo sana, mwenye miwani na mwenye kujua. Na chumvi isiingie katika kazi hii.

NENO LA MWISHO

Fundi wetu tulimwosha jicho kwa seramu nusu saa nyingine, kisha tukampeleka lopitali kubwa. Munganga wa macho alisema kwamba kilichookoa jicho si dawa yetu. Ni mama, ambaye aliposikia mlipuko alitoka na beseni ya maji ya kuoshea vyombo, akamlaza mumewe chini na kumimina bila kungoja kuuliza. Mumewe alipoanza kulaumu fikara yake mwenyewe mbele yetu, nilimwambia: “Yaya, fikara ya kutengeneza si mbaya. Lakini mshukuru mama kwanza.”

Jicho lile sasa linaona, lakini sawa na mtu anayetazama kwa kioo chenye mvuke. Sikio limerudi nusu. Amebadilishiwa kazi, sababu fundi wa umeme anahitaji macho mawili mazima.

Aliniruhusu kuandika habari yake bila kutaja jina. Alitaka nitie neno moja tu, nami nalitia hapa kama alivyolisema: “Waambie kwamba niliwasha mpira tu.”

Kinga ni bora kuliko tiba. Kata ukurasa huu na uubandike karibu na chaja yako.